Siku Maji Yangu Yalipokatika Njia ya Sur

Vijana wangu wa yadi,

Siku mliponiaga kwa keki na saa ya ukutani, mmoja wenu alisimama akasema mbele ya watu wote, "Fundi Nassor, hatutakusahau, hasa ile siku maji yalipokukatikia njia ya Sur." Mkacheka nyote. Na mie nikacheka, maana anayeagwa hana la kufanya. Lakini huu mwezi wa pili nimekaa nyumbani Nizwa, nimeshatengeneza mifereji yote ya nyumba, ya jikoni na ya bafuni, mpaka ile isiyokuwa mibovu, na mke wangu kanambia nitafute kitu chengine cha kufanya na mikono yangu. Basi nimekaa naandika. Ya vyeo sitayataja, wenye vyeo watayataja wenyewe. Nitasema ya maji.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya karavani, hizi gari zenu zenye nyumba ndani. Nani alikuwa na karavani Omani zama hizo? Ilikuwa Ibra, kwenye malori yanayopeleka maji majumbani. Baba alinipeleka mwenyewe akanikabidhi kwa Ami Mbarak, Mpemba mfupi, kanzu kaikunja mpaka magotini, na sauti yake ikisikika mtaa wa pili. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Alichota maji ya lori kwa kikombe cha bati akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa.

"Yana nini?"

"Hayana kitu, Ami."

"Kunywa tena."

Nikanywa tena. "Matamu," nikasema, nikidhani anataka sifa.

"Alaa! Matamu!" akasema. "Yana mpira, yana kutu, na yana panya, ingawa kwa panya sina hakika. Ingia ndani ukaniangalie."

Niliingia ndani ya tangi na brashi na tochi, nikatoka adhuhuri nimekuwa mwekundu mpaka ndani ya masikio. Panya hakuwamo. Alikuwamo mjusi. Ami Mbarak alichukizwa zaidi na kule kukosea kwake kuliko na mjusi mwenyewe. Kwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini nilikunywa vikombe viwili vya maji ya mjusi, na sikuumwa hata tumbo. Nalisema hili kwa wale wanaokuja kazini na chupa za maji ya dukani.

Vyombo vya Ami Mbarak vilikuwa vitatu: kile kikombe, tochi, na sikio lake. Pampu ikiwa na maradhi, alikuwa akiiwekea sikio na kufumba macho kwa muda mrefu, na watu wakidhani kalala. Mara nyengine alikuwa kalala kweli. Lakini akiinuka alikuwa anajua ni kipande gani kimechakaa, na mie nilikuwa nafungua nakikuta. Alikuwa akinambia, "Anayefungua mfereji hatakiwi kukujua jina. Siku akikujua jina, basi umeharibu." Nilijitahidi miaka mingi nisijulikane jina. Mnavyoona, haikusaidia.

Mabomba yalipofika majumbani malori yakapungua kazi, nikahamia Nizwa, kwenye hii yadi yenu ya kukodisha karavani. Zile za kwanza zilikuja kutoka Ulaya pamoja na vitabu vyake. Aliyezitengeneza alidhani mtu na mkewe watakwenda nayo ziwani, waoshe vikombe viwili, walale. Hakudhani kwamba mtu wa Nizwa atatia watu tisa na mbuzi aliyekwisha chinjwa, na kila mmoja wa hao tisa atatawadha mara tano kwa siku. Mbuzi hatawadhi, lakini naye anaoshwa. Tangi la lita mia lilikauka kabla ya alasiri, na mteja wetu wa kwanza alirudi hata Izki hajaipita.

Halafu kile choo. Mle ndani mlikuwa na karatasi. Nasema karatasi tu, hamna kitu chengine. Yule mteja alinirudishia ufunguo bila ya neno, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetukanwa. Basi tukaanza kufunga shatafu, ule mpira mdogo wenye kichwa cha kubonyeza, katika karavani zote. Ya kwanza niliifunga mwenyewe, nikaiunga moja kwa moja kwenye bomba la pampu bila ya valvu ya kuzuia nguvu, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa najiona najua. Mpira ukapasuka mtu yumo ndani. Alikuwa mwalimu wa skuli, mtu na heshima zake. Alitoka karowa kuanzia kilembani, akasimama mlangoni, akasema, "Alhamdulillahi, maji yapo." Mpaka leo sijui alikuwa akinishukuru au akinitukana. Kila shatafu na valvu yake, vijana, na valvu yenyewe iwekwe mahali mkono wa mtu unapofika.

Sasa nisikilizeni kwa matayarisho, maana kila mwaka mnaniuliza na kila mwaka mnasahau. Joto likishavunjika, watu wote wanataka kushuka kusini, Ibra, mchangani, Sur, mpaka Ras al Hadd kwenye kasa. Karavani imekaa yadini miezi ya joto, na maji yaliyobaki mle tangini yamepikika yakapikika tena. Kwanza mwaga yote. Si nusu, yote, na ya hita pia. Mulika tochi ndani. Ukiona utelezi wa kijani usistaajabu, hata wewe ungeota kijani kwa joto lile. Toa machujio kabla hujatia dawa. Dawa ni klorini ile isiyokuwa na harufu ya maua, finjani mbili za kahawa kwa lita mia. Jaza tangi, halafu fungua mfereji mmoja mmoja, wa jikoni, wa bafuni, wa moto na wa baridi, na shatafu msiisahau, mpaka kila mmoja utoe harufu ya dawa. Funga, iache mpaka kesho. Kesho mwaga, suuza, mwaga, suuza tena. Pua ikisema tayari, uulize na ulimi.

Mpira wa kujazia maji ya kunywa ni mweupe, na wa kusafishia tangi la choo ni ule mwengine. Haikai sanduku moja. Haikai hata ukuta mmoja. Nilimkuta mmoja wenu, sitamtaja, kaifunga pamoja kwa kamba ili isipotee, na siku ile nilikuwa nimefunga, na funga yangu nadhani iliharibika kwa maneno niliyoyasema. Na pampu ikinguruma hali mifereji yote imefungwa, pana mahali panavuja. Usiseme "itanyamaza." Haitanyamaza.

Vile vitabu vya Ulaya vilikuwa na kurasa nzima za namna ya kulinda mabomba na barafu. Tulizicheka sana. Nizwa, barafu! Mpaka familia moja ikapanda Jebel Shams kwa kupitia Al Hamra, mwezi wa Januari, na asubuhi wakanipigia simu. "Fundi, maji imekuwa jiwe," akasema kijana wao mmoja. Nikamwambia asubiri jua. "Jua lipo," akanambia, "lakini na jiwe lipo." Nilipanda huko na kanzu moja, nikarudi na mafua ya wiki mbili na bomba lililopasuka urefu wa mkono wangu. Tangu hapo, anayepanda juu anamwaga mabomba jioni na kuacha mifereji wazi. Nilirudi yadini nikavisoma vile vitabu kimoja kimoja, kimyakimya.

Haya. Sasa ile siku mnayonichekea.

Nimekwenda Manah wiki iliyopita kumwomba Bi. Rukia ruhusa ya kuandika, maana mambo yenyewe ni yake. Alikuwa kakaa juu ya mkeka anachambua mchele. "Andika," akanambia. "Mwanangu Salma nishamwambia mwenyewe juzi, kacheka mpaka kakaa chini. Andika, lakini uandike na kwamba nilikusamehe." Nikamwambia nitaandika.

Bi. Rukia ni mwanamke wa mjini Unguja, kaja huku mtu mzima na watoto wake, kaishi Manah miaka yote mpaka kuta za Manah zinaelewa Kiswahili. Ana dada yake mkubwa, Bi. Zaina, anaishi Ras al Hadd kwa mwanawe. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Bi. Zaina alianguka akavunjika nyonga, hatoki tena. Bi. Rukia alikuwa mzima, lakini alikataa kabisa safari ndefu ya gari, kwa sababu moja tu: vyoo vya vituo vya petroli. "Mie sitawadhi mahala ambapo sijui nani katoka," akisema, na mwisho wa maneno. Waliishi kwa simu, kila Ijumaa. Mpaka Ijumaa moja Bi. Zaina akamwambia, "Rukia, nimechoka kukusikia. Nataka kukuona. Nikifa sijakuona sitakusamehe, nakwambia kabisa."

Ndipo Salma, binti yake Bi. Rukia, alipokuja yadini kwetu na mumewe Hamed. Hamed ni kijana wa hapa hapa Nizwa, Kiswahili kajifunza kwa mama mkwe, na kwa woga. Walikodi karavani kubwa, halafu Salma akanambia mama yake anataka kuniona kwanza.

"Mimi?"

"Anataka kumwona mtu wa maji, Ami Nassor. Hajali injini."

Nikaenda Manah. "Shikamoo, Bi. Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa maji?"

"Ndiye mie."

"Nikifungua mfereji, utatoa maji?"

"Utatoa, Bi. Mkubwa."

"Ras al Hadd?"

"Hata Ras al Hadd."

"Basi nisikilize. Nikifungua mfereji usitoe maji, mara moja tu, mahala popote, tunageuza gari tunarudi Manah, na sitaki mtu anibembeleze tena mpaka nakufa. Unaapa?"

Nilikuwa na miaka thelathini na ushei kazini, na najijua. "Wallahi hayatakatika," nikasema. Salma akaniangalia kwa macho ya kuniomba niishie hapo, na mie nikaongeza kiapo cha pili ambacho hakuna aliyekiomba.

"Vizuri," akasema Bi. Rukia. "Basi na aliyeapa apande."

Hivyo ndivyo fundi wa yadi alivyopelekwa safarini kama chombo cha akiba. Nilitayarisha ile karavani siku tatu. Nilitia dawa, nikasuuza mara nne badala ya mbili, nikabadilisha pampu iliyokuwa nzima kwa mpya, nikafunga shatafu na valvu mbili. Nilikunywa maji ya mfereji wa jikoni mpaka nikawa sisikii njaa. Nikaweka na dumu la lita ishirini la akiba chini ya kiti, bila ya kumwambia mtu, kwa sababu mwenye dumu la akiba anaonekana haamini kiapo chake.

Asubuhi ya safari tulipita Manah kumchukua. Tangi lilikuwa limepungua kidogo, nikatoa ule mpira mweupe nikaunga kwenye mfereji wa uwani, nikafungua kifuniko cha tangi, maji yakaanza kuingia. Bi. Rukia akatoka mlangoni, kavaa buibui lake jipya, ananukia udi.

"Mwanangu Nassor, ingia unywe kahawa. Na tende zipo."

"Nasubiri tangi lijae, Bi. Mkubwa."

"Mie nitakutazamia. Kwani kutazama maji kuna ufundi gani?"

Nikaingia nikanywa kahawa. Andikeni hapo, vijana, kwa kalamu nyekundu: kifuniko cha tangi hakiachwi wazi, hata kwa kahawa, hata kwa tende za Manah, hata aliyekwambia ingia akiwa mamako mzazi. Nilirudi nikamkuta Bi. Rukia kasimama pale pale, kashika mpira kwa adabu kabisa. "Limejaa," akanambia. Nikafunga kifuniko na tukaondoka.

Safari ilikuwa nzuri. Hamed akiendesha, mie pembeni yake, Salma na mama yake nyuma. Bi. Rukia alifungua mfereji Izki, akafungua tena kila aliposikia gari limepunguza mwendo, si kwa haja, kwa kunipima tu. Kila ukitoa maji alikuwa akisema "mm," na mie mbele najibu kimoyomoyo "mm." Ibra tulinunua mikate, nikawaonesha mahali yalipokuwa yakilala malori ya Ami Mbarak, ambapo sasa pana duka la simu. Adhuhuri ikatukuta tumeipita Ibra, hatujafika Al Kamil. Hamed akaegesha pembeni, kwenye uwanja wa changarawe, tusali.

Bi. Rukia akaingia bafuni kutawadha. Tukasikia pampu inanguruma, vizuri. Halafu ikanguruma vibaya. Halafu ikapiga kelele ya mtu anayefyonza mwisho wa soda kwa mrija. Halafu kimya.

Mlango ukafunguka. Bi. Rukia kasimama, uso umerowa, mkono wa kulia umerowa mpaka kiwikoni, wa kushoto mkavu. Aliunyanyua ule wa kushoto tuuone sote watatu.

"Hamed," akasema. "Geuza gari."

"Mama!" akasema Salma.

"Nilisema mara moja. Nimesema au sikusema?"

"Maji imekwisha?" Hamed akaniuliza.

"Haiwezekani," nikasema. "Tangi limejaa!" Salma alikuwa kaanza kulia, si kwa sauti, anafuta tu macho kwa ncha ya mtandio. Keshampigia simu khale yake Bi. Zaina asubuhi kumwambia tunakuja. Naye alikuwa keshabebwa mpaka kibarazani kwao, kakataa kurudi ndani.

"Nipe nusu saa, Bi. Mkubwa," nikasema.

"Ya nini? Mfereji hautaki."

"Nusu saa tu."

Akakaa kitini, mkono wa kushoto bado kaunyanyua kama ushahidi wa mahakamani. Nikamtoa Hamed nje aangalie magurudumu, ambayo hayakuwa na kitu, na Salma akamfuata. Nikapiga magoti, nikafungua ubao wa chini, nikatoa chujio la pampu.

Nimeona mengi ndani ya matangi na machujio. Nywele, mchanga, pete ya ndoa, ule mjusi. Hiki sikuwahi kukiona. Chujio zima limezibwa na kitu cheupe kinachonata, kinavutika kwa kidole kama ulimbo. Nikakinusa. Nikakaa chini kabisa sakafuni.

Ubani.

Si kipande kimoja. Mtu alikuwa katia konzi nzima, labda mbili, ule ubani mzuri mweupe wa kunywea. Katika jagi la maji unakaa chini kwa heshima zake. Katika tangi la gari linalotikisika tangu Manah, maji yenyewe yametoka tangi la juu ya paa yana uvuguvugu, umelainika, ukajikusanya, ukaenda kukaa mahali pale pale pampu inapovutia pumzi.

Niliinua kichwa. Bi. Rukia alikuwa akiniangalia, na safari hii hakuwa na uso wa mahakamani.

"Ni wewe?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Maji yako yalikuwa yananuka hospitali," akasema. Kweli nilisuuza mara nne, lakini pua ya Bi. Rukia si pua ya kubishana nayo. "Zaina maji hayo hayanywi. Tangu tuko wadogo, maji ya Zaina lazima yatiwe ubani, mama akimtilia mbali, kwenye mtungi wake peke yake. Miaka sita sijamwona, nimpelekee maji ya hospitali?"

"Ungenambia, Bi. Mkubwa."

"Ungekataa."

Ningekataa kweli. Nikawa nakwangua ule ubani kwa ncha ya bisibisi. Akainama karibu yangu. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikupata kumsikia nayo kabla.

"Nassor, mwanangu, usiwaambie. Salma keshaanza kunificha dawa zangu, anasema nasahau. Akijua hili atanificha na mwenyewe. Sitapelekwa tena popote, si kwa Zaina wala kwa mtu."

Pale nikaliona jambo lilivyo baya. Nikisema ni yeye, ataaibika mbele ya mkwe wake na safari imekwisha, hii na zote. Nikisema ni mie, basi maji ya fundi aliyeapa yamekatika, na sharti ni sharti, gari linageuzwa. Huku shimo na huku shimo. Nilikuwa na hasira naye, sitaki kuwaficha. Miaka yote ile nimekunywa maji ya mjusi ili jina langu lisitajwe, halafu leo konzi mbili za ubani! Lakini nilipomwangalia, bado kaunyanyua ule mkono mkavu, kasahau kuushusha.

Nikalisafisha chujio, nikalirudisha, nikawasha pampu. Maji yakatoka, meupe kidogo kama yametiwa tone la maziwa. Nikawaita wale wawili.

"Kosa ni langu," nikasema. "Sikulifunga chujio vyema. Nimeapa na sikutimiza. Bi. Mkubwa ana haki yake, akisema turudi, tunarudi."

Hamed akanitazama mpaka nikaona haya. "Siku tatu umetengeneza," akasema. "Na chujio hukufunga?"

"Sikulifunga."

Salma akamgeukia mama yake. Sote tukamgeukia.

Bi. Rukia alijinyoosha kitini, akatengeneza mtandio wake, akavuta pumzi ya mtu aliyechoshwa na udhaifu wa binadamu.

"Mtu hufanya makosa," akasema. "Mzee wa watu, kajitahidi. Namsamehe."

"Kwa hivyo tunakwenda?" akauliza Salma.

"Kwani nimesema nini? Namsamehe. Lakini Nassor," akaninyooshea kidole, kidole cha mkono ule ule mkavu, "mara moja tu. Usirudie."

"Sitarudia, Bi. Mkubwa," nikasema. Wallahi, nilitamani kucheka na nilitamani kumtia ndani ya tangi. Nikalitoa lile dumu la akiba chini ya kiti, nikammiminia akatawadha upya, mwanzo mpaka mwisho, polepole, mie nimeinama mbele yake kama mkosaji. Yaliyobaki mnayajua. Hamed alimpigia simu mwenye yadi kabla hatujafika Sur, na nyinyi mkapata cha kunichekea miaka mitatu.

Tulifika Ras al Hadd alasiri. Bi. Zaina alikuwa kibarazani kweli, juu ya kitanda, mtu mdogo kuliko nilivyomdhania. Hamed alirudisha karavani nyuma mpaka mlango wake ukaelekea kitandani. Bi. Rukia alishuka bila ya kushikwa mkono. Sitaandika namna walivyokumbatiana. Niliangalia pampu, ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa.

Halafu Bi. Rukia akapanda tena, akajaza gilasi kwenye mfereji wa jikoni, akamnywesha dadake kwa mkono wake. Bi. Zaina akanywa, akasita, akanywa tena mpaka mwisho.

"Ubani!" akasema. "Nani katia ubani?"

"Fundi," akasema Bi. Rukia bila ya kupepesa jicho.

Bi. Zaina akanitafuta kwa macho akanipata. "Umezidisha," akanambia. "Huu wa maji au wa kufukizia maiti? Vipande vitatu vinatosha. Hukufundishwa kwenu?"

"Nimekosa, Bi. Mkubwa."

"Nishamsema njia nzima," akasema Bi. Rukia. "Hasikii." Na wote wawili wakawa wananitikisia vichwa, wameshikana mikono, wakaendelea kunisema mpaka adhana ya magharibi.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Siku ya pili ikapita, hakuna aliyetaja kuondoka. Siku ya nne asubuhi nikafungua mfereji wa jikoni kuchota maji ya chai, ukatoa upepo. Nikaenda bafuni, upepo. Nikapiga tangi kwa kiganja, likalia tupu. Dumu la akiba lilikwisha tangu juzi, na lori la maji la kutoka Sur, linalojaza na tangi la nyumba ile, lilisema litakuja jana, halikuja. Nilisimama pale mlangoni nikaona nimekwisha. Hapakuwa na ubani wa kusingizia wala chujio. Na kusamehewa nilishasamehewa, mara moja tu.

Nikashuka. Bi. Rukia alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda cha dadake, kaweka beseni chini, anamwosha miguu kwa yale maji ya mwisho, kidole kimoja kimoja, wanazungumza habari za mtu aliyekwisha kufa zamani, wanacheka.

"Bi. Mkubwa," nikasema. "Maji yamekatika."

Hakugeuka hata kichwa.

"Basi kayatafute, mwanangu," akanambia. "Wala usifanye haraka."